Mikono ya Kushoto ya Darasa la Tano B

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya kwanza ya kukaa nyuma ya darasa. Chuo kimesema wiki hii hatugusi chaki, tunaangalia tu – mwalimu anatumiaje vifaa, anatulizaje darasa. Mimi nimepewa Darasa la Tano B, Sayansi, kwa Mwalimu Hyasinta. Bryson, niliyetoka naye chuoni, kapewa Darasa la Tatu. Masikini! Darasa lake halikuwa na mwalimu, wakamkabidhi chaki hapo hapo, na saa ya uji sauti yake ilikuwa imeshakauka.

Watoto tisini na kitu. Watatu watatu kwenye dawati, penye wembamba wanne. Dirisha la huku, gereji za Gerezani zinagonga bodi za magari tangu asubuhi. Dirisha la kule, duka la simu na spika yake inayotangaza ofa bila kumeza mate. Nikajiuliza, hapa mtu anafundishaje?

Mwalimu Hyasinta hapigi kelele. Kelele zikizidi yeye anapunguza sauti. Watoto wanaanza kunyamazishana wenyewe kwa sababu hawamsikii. Mama mfupi, wa makamo, miwani inamshuka puani kila akiinama.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni mikono. Kila akiuliza swali, darasa zima linanyoosha! Zima! Hakuna aliyelala, hakuna anayejificha nyuma ya mwenzake. Na kila anayechaguliwa anapata. Mimi nimesoma Newala. Mwalimu akiuliza swali sisi tulikuwa tunakagua vidole vya miguu. Mwalimu Mkuu kaniambia kwa majivuno kwamba mgeni yeyote akija shuleni huanzia Tano B. Sishangai.

Jumanne, 15 Julai

Vifaa. Kishikwambi kimoja, cha Mwalimu Hyasinta, anakifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Projekta moja, zawadi ya mfanyabiashara aliyesoma hapa zamani. Inalala kabatini kwa Mwalimu Mkuu na ufunguo unalala mfukoni kwake. Ukiitaka unaomba jana.

Mchana projekta haionyeshi kitu, jua la Kariakoo halina adabu. Basi watoto wamekusanya maboksi ya friji na televisheni madukani, wakayatundika kwa kamba juu ya madirisha. Kiongozi wa darasa akisema "Usiku!" maboksi yanashuka. Akisema "Asubuhi!" yanapanda. Nimependa mno. Hili halimo kwenye kitabu chochote cha chuo.

Nimemwonyesha Bryson slaidi zangu za saketi ya umeme. Zina taa inayowaka ukibonyeza swichi. Kacheka. Kauliza umeme ukikatika nitabonyeza nini. Ana wivu tu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeigundua siri ya mikono!

Nikiwa nyuma niliona mtoto mmoja, Safari, mtundu hasa, kanyoosha mkono wa kushoto. Akafikiri. Akaushusha, akanyoosha wa kulia. Akachaguliwa, akapata. Nikaanza kuangalia wengine. Hakuna hata mmoja wa kushoto aliyechaguliwa. Hakuna!

Kengele ilipogongwa nikamwuliza Mwalimu Hyasinta. Akacheka mpaka miwani ikashuka.

"Umechukua siku chache. Wengine wanamaliza mafunzo hawajaona."

Ni agizo lake la Januari, kila mwaka. Anayejua – kulia. Asiyejua – kushoto. Wote mikono juu. Kasema mtoto akiaibika mbele ya tisini hanyooshi tena mpaka anamaliza shule. Hivi hakuna anayejua nani hajui, isipokuwa mwalimu. Zamani alikuwa anabaki na wa kushoto baada ya kipindi anawafundisha upya. Siku hizi hawezi, mkupuo wa mchana, watoto wa zamu ya pili, unakuwa umeshajipanga mlangoni unasubiri madawati.

"Na wageni wakija?" nikamwuliza.

"Wageni wanaona mikono," akasema, akafunga kishikwambi chake.

Ni ujanja. Lakini ni ujanja wa mtu anayewapenda watoto wake. Nimeupokea.

Kanionyesha na wale wa kushoto wa kudumu. Mmoja ni Ummy, kasichana kembamba ka dirishani, kamehamia muhula huu kutoka Bagamoyo, kanaishi na bibi yake Msimbazi. "Huyo bado kabisa," kasema. "Sijamwona kulia hata siku moja."

Jumatatu, 21 Julai

Nimefundisha! Nusu ya kwanza ya kipindi, Mwalimu Hyasinta akiwa nyuma. Nimeuliza swali na mikono tisini ikapanda kwa ajili yangu. Jamani. Kichwa kilivimba. Nilichagua kulia, kulia, kulia – wote wakapata. Nikajiona nimezaliwa na chaki mkononi.

Ummy alinyoosha kushoto kila swali. Alinyoosha juu kabisa, mpaka anajiinua kwenye dawati. Nikasema moyoni, kutojua gani huku kwa bidii.

Taarifa kutoka chuoni: msimamizi wetu, Madam Mektilda, atakuja kunikagua Alhamisi ya tarehe 31. Ndiyo alama zangu karibu zote hizo. Nikianguka narudia mwaka mzima, na mama mdogo kashasema chumba chake anakihitaji Desemba. Lazima nitumie vifaa vya TEHAMA, lazima darasa lishiriki. La kushiriki silihofii. Naomba umeme tu.

Jumatano, 23 Julai

Nimesahihisha jaribio la saketi. Ummy kakosa swali moja tu! Wa kushoto wa kudumu!

Nikatoa daftari lake. Mwandiko wa daftari ni kama kuku kapita na matope. Mwandiko wa jaribio umesimama wima, safi, unasomeka ukiwa mbali. Watu wawili kabisa. Na dawati moja na nani? Rachel, wa kwanza darasani. Siku ya jaribio mimi nilikuwa mbele nahangaika na waya wa projekta, Mwalimu Hyasinta kaitwa ofisini. Nafasi ilikuwepo.

Nikampelekea Mwalimu Hyasinta karatasi zote mbili. Nilijiona mpelelezi, sifichi. Akaziangalia, akasema hakutegemea. Kisha akazipeleka kwa Mwalimu Mkuu.

Ummy akaitwa. Mwalimu Mkuu akamwuliza nani alikuandikia. Ulitazamia kwa Rachel? Huu ni mwandiko wako? Akaangalia sakafu. Mwalimu Mkuu akasema mtoto aliyehamia asipofikia kiwango anarudi nyuma, na akidanganya anarudi haraka zaidi. Kwa hiyo Darasa la Nne. Bibi yake aitwe Alhamisi ijayo, saa nne, akabidhiwe uamuzi.

Alhamisi ijayo ndiyo siku yangu ya kukaguliwa. Mambo yote siku moja.

Ijumaa, 25 Julai

Nilikuwa napanga karatasi. Swali la swichi – Rachel kakosa. Ummy kapata. Nimepitia dawati lile lote na la mbele yake, wote wamekosa lile swali.

Sasa huyu alitazamia kwa nani?

Jumatatu, 28 Julai

Nimeona.

Mwalimu Hyasinta alikuwa anafundisha kwa projekta, mimi nyuma. "Usiku!" Maboksi yakashuka. Giza, mwanga wa ubaoni tu. Watoto wakaambiwa wanakili mchoro. Vichwa vyote vikainama.

Ummy aliangalia mbele. Aliangalia pembeni. Kisha akahamisha kalamu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto na akaanza kuandika. Haraka! Laini! Nilikuwa simwoni uso, nauona mkono tu dhidi ya mwanga. Mkono wa mtu anayejua anachokifanya.

Kiongozi akasema "Asubuhi!" na kabla boksi la kwanza halijafika juu kalamu ilisharudi kulia.

Mungu wangu. Nimemsingizia mtoto.

Ana mkono wa kushoto. Jaribio ni lake. Daftari ni la mkono wa kulazimishwa. Na kunyoosha kwake kote kule – anajua! Kila siku anajua, na kila siku sisi tunamruka. Walimu wawili wazima, tena mmoja kazi yake ni kuangalia tu.

Nyumbani mama mdogo kauliza kama naumwa.

Jumanne, 29 Julai

Saa ya uji nilibaki na Ummy darasani. Niliweka kalamu katikati ya dawati nikamwambia aandike jina lake. Akachukua kwa kulia. Kuku na matope yake. Nikamwambia, sasa kwa ule mwingine.

Akaangalia mlango.

"Hakuna mtu. Andika."

Akaandika. Ule ule mwandiko wa jaribio, umesimama wima.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Mwalimu Mkuu. Akasema Mwalimu Mkuu angemwambia bibi. Bibi hataki. Bibi kasema mkono wa kushoto ni wa chooni, haupokei kitu cha mtu, haugusi msahafu, na mtoto wa kike akiutumia mbele za watu wanajua hakufunzwa kwao. Wakati wa kula anakalishwa ameukalia. Kwenye shule ya Bagamoyo alipigwa rula vidoleni mpaka akaacha – yaani mpaka akajifunza kujificha. Aliyasema hayo yote kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma saa.

"Sasa mbona darasani unanyoosha wa kushoto, tena mbele ya wote?"

Hapo ndipo alipotabasamu, kidogo. "Siku niliyokuja niliona wengi wananyoosha kushoto, madam. Nikajua hapa kunyoosha wanaruhusu. Kuandika ndiyo sijaona mtu."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu nikalia. Sioni haya kuandika, daftari ni langu.

Kwa hiyo hakuna aliyemwambia agizo la Januari. Nani angemwambia? Kwa watoto lile si siri, ni kama kujua mlango uko wapi.

Nikaenda kwa Mwalimu Hyasinta. Alikaa chini taratibu, akavua miwani, akajipangusa uso kwa kitambaa cha kishikwambi.

"Anifa mwanangu. Ile mikono niliianzisha kwa ajili ya watoto kama huyo. Wasionewe."

Nikamwambia najua, mwalimu.

Akasema Alhamisi tuiache ipite kwanza. Msimamizi akishaondoka, yeye atamweleza Mwalimu Mkuu kwamba tulikosea kusahihisha. Nikamwambia bibi anakuja saa nne hiyo hiyo Alhamisi. Na Mwalimu Mkuu atauliza, mbona mtoto huyu darasani hajui kitu? Tutajibuje bila kuitaja mikono? Na tukiitaja, wageni wote wa miaka yote walikuwa wanaona nini?

Akavaa miwani.

"Usinivunjie darasa mbele ya mgeni. Nakuomba. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

Nikasema sawa. Nimesema sawa! Yeye ndiye anayenijazia nusu ya ripoti, na ni mama mwema, na kaniomba. Bryson anasema nifunge mdomo, nipite, nikiajiriwa ndiyo nikawe malaika. Naogopa. Basi, ndivyo ilivyo, naogopa.

Jumatano, 30 Julai

Slaidi tayari. Ekstensheni nimeazima gereji. Nguo nimepiga pasi mara mbili.

Sijalala vizuri.

Alhamisi, 31 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Sina la kufanya, afadhali mikono ishike kalamu.

Umeme haukukatika. Siku kumi nimeuombea umeme, na leo ndiyo haukuwa na maana yoyote.

Madam Mektilda alifika saa mbili kamili, na faili lake, akakaa nyuma – pale pale kwenye kiti changu. Shikamoo mgeni, marahaba, kaeni. Mwalimu Hyasinta alisimama mlangoni. "Usiku!" Taa ya slaidi ikawaka nilipobonyeza, watoto wakasema woooh. Nilimwona Madam Mektilda anaandika na kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Asubuhi!" Nikachora saketi ubaoni, swichi imeachwa wazi. Nikauliza kwa nini taa hii haiwaki.

Mikono yote juu. Na Ummy, kajiinua kwenye dawati, wa kushoto umefika mbinguni.

Rachel alikuwa kulia. Ningesema "Rachel" na leo ningekuwa nakunywa chai.

Lakini Mwalimu Hyasinta alisema tuiache ipite, na mimi nikaona kinachopita. Saa nne mtoto huyu anashushwa Darasa la Nne kwa sababu yangu.

Nikasema, "Ummy."

Darasa liliguna. Tisini na kitu, mguno mmoja! Haijawahi kutokea mbele ya mgeni mwalimu akachagua kushoto. Ummy mwenyewe hakuamini, aligeuka kuangalia kama kuna Ummy mwingine. Akaja mbele. Nikampa chaki. Akaipokea kwa kulia, akanitazama, mimi nikasema polepole, andika unavyoandika. Akahamisha. Akaifunga ile swichi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni: saketi haijakamilika, umeme hauna njia. Herufi wima.

"Mpigieni makofi," nikasema, na wakapiga, ingawa walikuwa bado wanashangaa.

Ningeishia hapo ningepona. Madam Mektilda akanyoosha kalamu yake. "Vizuri sana. Mwalimu, naomba na huyu, alikuwa kanyoosha pia." Huyu ni Safari. Kati ya watoto wote, Safari!

Safari akasimama. Akaangalia kulia, kushoto, akamwangalia Mwalimu Hyasinta mlangoni. "Lakini madam, mimi nilinyoosha wa kushoto."

"Kwa hiyo?"

"Wa kushoto ni hatujui."

Nje spika ya duka la simu ilikuwa inatangaza ofa mpya. Madam Mektilda akawaambia, kwa upole kabisa, nyoosheni tena kama mlivyonyoosha. Wakanyoosha. Watoto hawa wana utii! Akaipitishia macho mikono ile, dawati kwa dawati, mstari kwa mstari. Nusu ya darasa kushoto. Zaidi ya nusu. Akafunga faili. Akamwuliza Mwalimu Hyasinta kama wanaweza kuzungumza ofisini.

Mwalimu Hyasinta alinipita mlangoni. Sikuweza kumtazama. Akanishika bega, akaliacha, akaenda. Sijui lile bega lilikuwa na maana gani.

Sasa wamo ndani: Mwalimu Mkuu, Madam Mektilda, Mwalimu Hyasinta. Mwanzoni nilisikia sauti ya Mwalimu Mkuu, amepandisha. Wageni wangapi, anasema, wageni wangapi. Kisha sauti ya Mwalimu Hyasinta, ya chini, ile ya darasani, na ndani kukatulia. Nadhani wote walikuwa wanajitahidi kumsikia. Nilikamata maneno machache: mkupuo wa mchana, mlangoni, ningewafundisha wapi.

Bryson kapita, kanipungia kwa mbali kama mtu anayepita msibani.

Saa nne bibi akafika. Bi Sitara. Buibui limepigwa pasi, mkoba kwapani, mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuitwa shuleni kwa aibu. Nikasimama. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu kafanya nini?"

"Hajafanya kosa lolote, bibi. Kosa ni letu."

Akanitazama. "Basi mbona nimeitwa?"

Hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaitwa ndani. Viatu vyake kaviacha nje, kavipanga.

Ndiyo naelewa sasa nilichokifanya. Ili Ummy asirudi Darasa la Nne, lazima waseme jaribio ni lake. Ili waseme ni lake, lazima wamwambie bibi ameliandika kwa mkono upi. Hakuna njia nyingine. Nimemtoa kwenye shimo moja kwa kuuweka hadharani mkono alioficha miaka yote.

Ummy yupo hapa pembeni yangu kwenye benchi. Nimempa kalamu yangu nyingine na nafasi hapa chini ya ukurasa. Anachora saketi. Betri, waya, taa, miale ya taa, kila mwale umenyooka. Anatumia wa kushoto, na ulimi umemtoka kidogo pembeni kwa kazi. Nimemwuliza taa ya wapi hiyo. Kasema ya jikoni kwa bibi, imeungua.

Sasa bibi anasema kitu huko ndani, kifupi, sikukisikia. Kiti kinasogezwa.

Kitasa kinazunguka. Ummy kahamisha kalamu mkono wa kulia.